Kupanga kalenda ya Outlook isomeke kwa kutupa jicho mara moja

Mtu akitaka kuitengeneza kalenda yake vizuri, mara nyingi huanza na rangi. Nami nilianzia huko huko. Nilifikisha rangi kumi na moja, kila moja na maana yake, na bado kila asubuhi nilikuwa naikodolea macho skrini nikitafuta mkutano wa kwanza ni saa ngapi. Siku niliyofunga vidirisha viwili vya pembeni na kubadilisha idadi ya siku zinazoonekana, shida iliisha kabla sijagusa rangi hata moja. Ndiyo maana hapa tutaanza na kupunguza. Rangi zitafika, ila zisubiri zamu yao.

Ninayoieleza ni Outlook ya Windows, ile ya zamani inayoitwa classic, kwa sababu ndiyo yenye nyenzo nyingi za kupanga kalenda. Tazama juu, upande wa kulia wa dirisha. Ukiona swichi iliyoandikwa New Outlook nayo imewashwa, uko kwenye toleo jipya, na baadhi ya menyu nitakazotaja hutazikuta mahali pake. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ya Kiingereza ili usipate taabu ya kuyatafuta.

Unaiuliza nini kalenda yako?

Bonyeza Ctrl+2 ili kalenda ifunguke. Kabla ya kubofya kitu kingine, jiulize: nikiifungua hii, huwa nataka kujua nini? Anayehudumia wateja siku nzima huuliza anayefuata ni nani na nafasi iko wapi leo. Huyo anahitaji siku moja au mbili zenye nafasi ya kutosha kwenda chini. Mwalimu mwenye ratiba inayojirudia anataka kuiona wiki. Anayesimamia mradi anataka kujua kama tarehe za mwisho zinagongana, na kwake mwezi mzima una maana kuliko saa na dakika.

Ukishajua swali lako, chagua mwonekano. Day, Work Week, Week, Month na Schedule View zote ziko kwenye kichupo cha Home na pia kwenye View. Kwa kibodi ni Ctrl+Alt+1 hadi Ctrl+Alt+5, kwa mfuatano huo huo.

Hayo matano ndiyo wengi wanayoyajua, na wengi huishia hapo wakidhani lazima wachague kati ya siku moja na wiki nzima. Si lazima. Shika Alt kisha bonyeza namba kwenye safu ya juu ya kibodi: Alt+3 inakupa siku tatu, Alt+6 siku sita, na Alt+0 siku kumi, zote zikianzia siku uliyokuwa umeichagua. Mimi hukaa kwenye siku nne. Kwenye skrini ya kompyuta ya mkononi, safu nne zinabaki pana kiasi cha kusoma jina lote la mkutano. Zikifika saba, "Kikao cha bajeti ya robo ya tatu" kinakatwa na kubaki "Kikao cha b", na siku hiyo una vikao vinne vinavyoanza hivyo hivyo.

Kalenda ndogo iliyo kwenye kidirisha cha kushoto, inayoitwa Date Navigator, nayo ina uwezo ambao hauonekani kwa nje. Buruta kipanya juu ya tarehe kadhaa zinazofuatana, na siku hizo ndizo zitakazofunguka. Shika Ctrl ubofye tarehe zisizofuatana, nazo zitapangwa bega kwa bega. Hii ya pili ni dawa unapotaka kukihamisha kikao kinachojirudia: bofya Jumatano nne zijazo huku umeshika Ctrl, uone papo hapo kama saa unayoifikiria iko wazi katika zote nne. Tarehe zenye herufi nzito kwenye kalenda hiyo ndogo ni zile zenye kitu ndani. Ukivuta ukingo wa kidirisha kwenda kulia au ule wa chini kwenda chini, miezi zaidi hujitokeza.

Kwa wanaokaa kwenye Month, bofya mshale mdogo ulio chini ya kitufe hicho. Utakuta Show Low Detail, Show Medium Detail na Show High Detail. Low huacha matukio ya siku nzima peke yake, yaani likizo, safari, tarehe za mwisho. Mwezi uliokuwa umejaa kama gunia unageuka karatasi inayosomeka. Ukitaka kurudisha kila kitu, chagua High.

Funga vinavyokula nafasi

Nenda kwenye kichupo cha View, upande wa Layout. Kuna vitu vinne: Daily Task List, Folder Pane, Reading Pane na To-Do Bar. Kila kimoja kina sababu ya kuwepo, na kila kimoja kinakula skrini.

Anza na Reading Pane, kidirisha kinachoonyesha undani wa kitu ulichokichagua. Kwenye barua pepe ina kazi kubwa, lakini kwenye kalenda mimi huiweka Off bila kufikiri mara mbili, kwa kuwa ukitaka undani wa miadi unaibofya mara mbili na inafunguka. To-Do Bar nayo, ule upau wa kulia wa miadi na kazi zako, ukiwa ndani ya kalenda mara nyingi inarudia yale yale unayoyatazama. Daily Task List hukaa chini ya siku na kuorodhesha kazi zako kwa tarehe. Kama huandiki kazi zako kwenye Outlook, ifunge. Kama unaziandika, ichague Minimized ili ibaki mstari mmoja unaoonyesha idadi. Haionekani kwenye Month, kwa hiyo usiitafute huko.

Folder Pane ndiyo ya kufikiria. Ina Date Navigator ndani yake na orodha ya kalenda zako zote, kwa hiyo ukiizima kabisa utaikumbuka. Minimized inatosha: inajibana pembeni, na ukiibofya inajitokeza kwa muda. Alt+F1 hubadilisha hali yake bila kipanya. Utepe wa vitufe wa juu nao hujikunja kwa Ctrl+F1, na ukibonyeza tena unarudi.

Ukishafanya hayo, rudi nyuma hatua moja utazame skrini. Kwa watu wengi kazi ingeweza kuishia hapa.

Saa za kazi na upana wa mistari

Fungua File, kisha Options, kisha Calendar. Sehemu ya juu kabisa ni Work time. Outlook huja na saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na wengi hawajawahi kugusa hapo.

Tahadhari ndogo kwa sisi tunaofikiri saa kwa Kiswahili: programu inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili asubuhi yetu yenyewe inaiandika 8:00, na saa kumi na moja jioni ni 17:00. Hata aliyezoea huteleza, hasa anapoandika kwa haraka. Ukiandika 2:00 ukiwa na maana ya saa mbili asubuhi, utajikuta na miadi ya saa nane. Kinachosaidia ni kuifanya kompyuta yote itumie mtindo wa saa 24. Outlook haina mpangilio wake wa jambo hilo, inafuata Windows. Kwa hiyo nenda kwenye mipangilio ya Region ya Windows, badilisha Short time iwe ya saa 24, kisha ufunge Outlook na kuifungua upya. Safu ya saa iliyo kushoto itakuwa 13:00, 14:00, 15:00, bila AM wala PM za kuchanganya.

Sasa, hizo saa za kazi zinafanya nini? Zinatia kivuli saa zilizo nje ya kazi. Zinaamua siku ianzie wapi kwenye skrini unapofungua mwonekano wa siku. Na zile siku ulizozitia tiki ndizo Work Week inazoonyesha. Anayefanya kazi Jumanne hadi Jumamosi akatia tiki siku hizo, Work Week yake itakuwa Jumanne hadi Jumamosi. Anayefanya kazi siku tatu tu kwa wiki atapata safu tatu pana. Saa za nje ya kazi hazifutiki, zinabaki juu na chini kwa anayesogeza skrini, kwa hiyo usiogope kwamba miadi ya usiku itapotea.

Baada ya hapo kuna Time Scale, yaani kila mstari mmoja unawakilisha dakika ngapi. Bofya safu ya saa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kati ya 60, 30, 15, 10, 6 na 5. Ya kawaida ni 30. Piga hesabu kidogo kabla ya kuchagua: siku ya saa tisa ni mistari 9 kwa kipimo cha 60, mistari 18 kwa 30, mistari 36 kwa 15, na mistari 108 kwa 5. Skrini yako inabeba mistari mingapi bila kusogezwa? Hicho ndicho kipimo chako. Mtu mwenye vikao virefu vya saa nzima nzima anafaidi 60, kwani siku yote inakaa mbele ya macho. Mwenye miadi ya robo saa anaweza kuhitaji 15, ila ajue atakuwa akisogeza juu na chini. Dakika 5 na 6 sijapata kuzihitaji, labda kwa anayeandika muda wa kumdai mteja: dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa, na kuna wanaotoza kwa hesabu hiyo.

Maandishi yakiwa madogo, usibadilishe Time Scale ukidhani ndiyo dawa. Nenda View, View Settings, Other Settings. Hapo utakuta fonti ya safu ya saa, fonti ya miadi kwenye siku na wiki, na fonti ya mwezi, kila moja peke yake. Fonti ya Date Navigator imewekwa kwingine kabisa, kwenye File, Options, Calendar, sehemu ya Display options. Kwa nini ziligawanywa hivyo, mimi sijui kabisa na nimeacha kujiuliza.

Namba za wiki, na ugomvi wa Januari

Kama unafanya kazi na watu wanaosema "tuonane wiki ya 14", tia tiki kwenye Show week numbers in the month view and in the Date Navigator, pale pale kwenye Options, Calendar. Lakini usiishie hapo, maana namba hizo zinategemea vitu viwili vilivyo juu yake: First day of week na First week of year.

Chukua Januari 2027. Tarehe 1 inaangukia Ijumaa. Kama umeiacha First week of year kwenye Starts on Jan 1, na wiki yako inaanza Jumatatu, basi wiki hiyo yenye Ijumaa hiyo ndiyo wiki ya 1, na Jumatatu ya tarehe 4 inaanza wiki ya 2. Mwenzako anayefuata kanuni ya kimataifa ya ISO 8601 ataiita Ijumaa hiyo sehemu ya wiki ya 53 ya mwaka 2026, na wiki yake ya 1 itaanza tarehe 4. Mwaka mzima mtakuwa mmepishana wiki moja, na kila mmoja atamwona mwenzake ndiye asiyejua kuhesabu.

Kanuni ya ISO inasema wiki inaanza Jumatatu, na wiki ya 1 ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. Kwenye Outlook unaipata kwa kuchagua Monday na First 4-day week. Hakikisha timu nzima imechagua hivyo hivyo kabla namba hazijaanza kutumika kwenye ujumbe.

Ukanda wa saa wa pili

Kwa anayefanya kazi na watu walio mbali, shuka chini kwenye ukurasa ule ule hadi Time zones. Tia tiki Show a second time zone, chagua ukanda, na uupe Label fupi. Fupi kweli, herufi tatu au nne, kwa sababu lebo hukaa juu ya safu nyembamba. Matoleo ya karibuni yana nafasi ya ukanda wa tatu pia.

Chagua ukanda wenye jina la mji husika, usichague kwa kuhesabu saa za tofauti peke yake. London, kwa mfano, husogeza saa mbele Machi na kuirudisha nyuma Oktoba. Ukichagua ukanda wenye jina la London, Outlook itafuata mabadiliko hayo yenyewe. Kitufe cha Swap Time Zones hubadilishana ukanda wa kwanza na wa pili, na kinafaa ukisafiri. Kumbuka tu kwamba kinabadilisha pia ukanda wa Windows, kwa hiyo saa ya chini kwenye skrini nayo itahama.

Sasa rangi

Kinachowachanganya watu ni kwamba Outlook ina rangi za aina tatu, na zinapishana.

Ya kwanza ni rangi ya kalenda yenyewe. Bofya jina la kalenda kwa kitufe cha kulia, chagua Color. Hii inakuambia miadi imetoka kalenda gani: yako, ya familia, ya timu. Kama una kalenda moja tu, chagua rangi iliyopauka na uisahau, ili zile nyingine zionekane juu yake.

Ya pili ni kategoria. Bofya miadi kwa kitufe cha kulia, chagua Categorize, kisha All Categories. Hapo unaweza kuipa kila kategoria jina, rangi kati ya 25, na mkato wa kibodi kuanzia Ctrl+F2 hadi Ctrl+F12. Kategoria hukaa ndani ya miadi yenyewe, kwa hiyo unaweza kuitafuta au kuipanga baadaye. Kasoro yake ni kwamba mtu lazima aiweke kwa mkono, na mkono huchoka kufikia wiki ya pili. Mimi sasa nina nne: kazi inayohitaji maandalizi, kazi isiyohitaji, mambo ya nyumbani, na safari. Zile kumi na moja nilizitupa. Jicho haliwezi kukumbuka maana ya zambarau mbili zinazofanana wakati umechelewa.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, na wachache wanaijua: Conditional Formatting. Hapa unaiwekea Outlook kanuni, nayo inapaka rangi yenyewe. Tuseme unataka kila mkutano ulioitishwa na mkuu wako uonekane kwa rangi ya chungwa.

1. Fungua View, View Settings, kisha Conditional Formatting.
2. Bofya Add. Mahali pa Name andika jina utakalolielewa miezi sita ijayo, mfano "Ameitisha bosi".
3. Chagua rangi mahali pa Color.
4. Bofya Condition. Kwenye kichupo cha Appointments and Meetings kuna sehemu ya Organized By, andika jina lake hapo. Usiruke hatua hii, maana kanuni isiyo na sharti hushika kila miadi na kalenda yote itageuka chungwa.
5. Bofya OK hadi madirisha yote yafungike.

Sehemu ya Search for the word(s), iliyo juu ya ile ya Organized By, hukamata neno kwenye kichwa cha miadi. Ukiandika "malipo" hapo, kila miadi yenye neno hilo itapata rangi. Nyingine ninayoitegemea sana iko kwenye kichupo cha Advanced: chagua Field, tafuta Show Time As, weka equals, na thamani iwe Tentative. Mialiko ambayo hujaijibu kwa kawaida hukaa kwenye hali hiyo, kwa hiyo itajitokeza yote kwa rangi moja, na unaweza kuwajibu watu kabla hawajaanza kukupigia simu.

Kanuni hizi hukaa kwenye mwonekano wako, haziandikwi ndani ya miadi. Mtu uliyemshirikisha kalenda hazioni. Ukibadili mwonekano, nazo zinabaki kwenye ule wa zamani. Hilo linatupeleka kwenye kuhifadhi, lakini kwanza neno kuhusu kalenda nyingi.

Kalenda zaidi ya moja

Ukitia tiki kalenda ya pili kwenye Folder Pane, zinakaa ubavu kwa ubavu na kila moja inapata nusu ya skrini. Bofya Overlay kwenye kichupo cha View, au mshale mdogo ulio kwenye jina la kalenda, na ya pili italala juu ya ya kwanza. Hapo ndipo rangi ya kalenda inapopata kazi. Kalenda mbili au tatu zinasomeka zikilaliana, ila ya nne ikiingia inakuwa fujo.

Ukizidisha hadi tano, Outlook hubadilika yenyewe na kwenda Schedule View, ambako saa zinakwenda kwa ulalo na kila mtu ana mstari wake. Wengi hushtuka wakidhani wameharibu kitu. Ni mpangilio tu: kwenye Display options kuna idadi ambayo ikifikiwa mwonekano hugeuka, nawe unaweza kuipandisha au kuondoa tiki kabisa. Mimi nimeiacha, kwa sababu ukitafuta saa ambayo watu sita wote wako huru, mistari ya ulalo inashinda safu sita zilizobanana.

Kama kundi hilo unalitazama mara kwa mara, lihifadhi: Home, Calendar Groups, Save as New Calendar Group. Siku nyingine unatia tiki moja na wote wanafunguka.

Hifadhi, na jinsi ya kurudi ukiharibu

Ukiridhika, fungua View, Change View, Save Current View As a New View. Ipe jina, kisha chagua kama itumike kwenye folda hii tu au kwenye kalenda zote. Ninashauri uwe na miwili: wa kila siku, na mmoja wa kupangia mwezi. Pale pale kuna mwonekano uliokuja na programu unaoitwa List, unaoigeuza kalenda kuwa orodha. Kwa mapambo haufai hata kidogo, lakini kwa kutafuta miadi inayojirudia iliyosahaulika hauna mpinzani.

Ndani ya View Settings kuna kitufe cha Filter, na hiki nakisemea kwa uchungu. Kinaficha miadi isiyokidhi masharti. Siku moja niliweka kichujio ili nibakize kategoria ya safari tu na kuzichapisha kwenye karatasi. Nikachapisha, nikafunga, nikaenda zangu. Jumatatu nikafungua kalenda nikaiona nyeupe, nikafurahi kwamba wiki hiyo nimepumzika. Saa nne na dakika kumi simu ikaita: watu watano wananisubiri chumba cha mikutano. Tangu hapo, kalenda ikiwa tupu kupita kiasi, kitu cha kwanza ninachotazama ni ukanda wa chini wa dirisha, upande wa kushoto. Kama pameandikwa Filter Applied, kuna kitu kimefichwa. Kichujio kiwekee mwonekano wake peke yake wenye jina lake, kisikae kwenye ule wa kila siku.

Mambo yakikuzidi, Reset View kwenye kichupo cha View hurudisha mwonekano ulipoanzia. Hilo likishindikana, funga Outlook, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike:

outlook.exe /cleanviews

Kuna nafasi kabla ya alama ya mkwaju (/). Amri hii hufuta mionekano yote uliyoitengeneza, ya kalenda na ya barua pepe pia, na kurudisha ile ya mwanzo. Miadi yenyewe haiguswi. Kanuni zako za rangi ndizo zitakazokwenda, kwa hiyo kabla ya kubonyeza Enter piga picha ya skrini ya dirisha la Conditional Formatting.

Ifunguke ikiwa tayari

Kama kalenda ndiyo kitu cha kwanza unachotaka kuona asubuhi, nenda File, Options, Advanced. Mahali pa Start Outlook in this folder bofya Browse, chagua Calendar. Barua pepe zitasubiri hadi uziite kwa Ctrl+1.

Mwenye skrini mbili ana njia nzuri zaidi. Bofya alama ya kalenda kwa kitufe cha kulia na uchague Open in New Window. Buruta dirisha hilo hadi skrini ya pili, ulipangie mwonekano wako wa kila siku, na uache barua pepe kwenye skrini ya kwanza. Jioni usifunge madirisha kwa alama ya X moja moja. Tumia File, kisha Exit, na kesho Outlook itafungua yote mawili pamoja.